Taijin kyofusho: mtu mwenye anaogopa macho yake mwenyewe



Wengine watajiuliza: huyu mtu wa kilimo anatafuta nini mu mambo ya magonjwa ya akili? Swali ni ya haki. Mimi nilisoma udongo, mbegu na magonjwa ya muhogo, sikusoma uganga. Lakini siku moja nilikuwa natafuta maandiko juu ya bustani za ospitali, fasi wagonjwa wanalima ili wapate nafuu, na jina moja likarudi kila mara: Morita, munganga wa Japani, mwenye alikuwa anapatia wagonjwa wake fagio na jembe mbele ya kuwapatia maneno mingi. Nikauliza: hao wagonjwa walikuwa wanaumwa nini? Jibu lilinishangaza. Walikuwa wanaogopa watu. Na kati yao kulikuwa wenye hawakuogopa kwamba watu watawatendea mabaya. Waliogopa kwamba wao wenyewe, kwa macho yao ao kwa harufu yao, wanasumbua watu.

Nilisoma tena mara mbili ili nihakikishe nimeelewa vizuri. Leo nataka tuielewe hii ugonjwa polepole, juu mtu mwenye iko nayo mara mingi anakimbia wenzake, na wenzake wanasema: "Huyu ana kiburi." Kumbe ndani ya roho yake anasema: "Ninawakimbia ili nisiwaumize."

Tufikirie kijana moja

Chukua mwanafunzi moja wa Tokyo, miaka 19. Anapanda treni asubuhi. Anakaa, anaangalia viatu vyake. Hamuangalii mtu. Lakini pembeni ya jicho lake anaona mama mwenye amekaa karibu naye, na anawaza: "Hata kama siangalii, jicho langu linamgusa. Anasikia vibaya juu yangu." Yule mama anakohoa. Kijana anasema ndani yake: "Nilijua." Mzee wa mbele anageuza kichwa kuelekea dirisha. "Na huyu pia." Kituo chake kingali mbali, lakini anashuka. Siku ile anafika ku masomo kwa kuchelewa. Juma yenye kufuata haendi kabisa.

Huyu kijana nimemtunga kwa kuelewesha, lakini dalili zake zinajulikana sana kwa waganga wa Japani. Woga wa kusumbua wengine kwa kuona pembeni ya jicho uko na jina lake kule: *wakimi kyofu*. Wakati watu wanapatia jambo jina, ni kusema wameliona mara mingi.

Haya peke yake si ugonjwa

Tuanzie fasi ya kawaida. Kila mtu ana haya. Siku ya kutetea memwari, wakati rais wa juri anaita jina lako, moyo unapiga, mikono inatoka jasho, sauti inatetemeka. Kiisha dakika tano, unazoea, unaendelea. Ile si ugonjwa. Ile ni mwili wenye unajua kwamba jambo ni kubwa.

Ugonjwa wa kuogopa watu ni kitu kingine. Woga unapita kipimo cha jambo lenyewe. Unarudi kila mara, hata mu vitu vidogo: kula mbele ya watu, kupiga simu, kuuliza bei, kusalimia jirani. Unadumu: kitabu kikubwa cha waganga wa Marekani, kinachoitwa DSM, kinaomba kwa kawaida miezi 6 ao zaidi. Na zaidi ya yote, unaiba maisha: mtu anaacha masomo, anakataa kazi, anakaa bila rafiki. Mara mingi unaanza wakati wa ujana, saa ile mtoto anaanza kujiuliza wengine wanamuona namna gani.

Si ugonjwa mpya. Mu mwaka 1903, munganga wa Ufaransa, Pierre Janet, alishaandika juu ya watu wenye woga wa kukutana na wenzao. Lakini ni mwaka 1980 tu njo kitabu cha DSM kiliipatia fasi yake yenyewe kati ya magonjwa.

Inafanya kazi namna gani? Ndani ya ubongo kuna kasehemu kadogo kenye umbo la lozi, wanakaita amigdala. Kazi yake ni kupiga kengele wakati kuna hatari. Kwa mtu mwenye hii ugonjwa, kengele inalia mbele ya nyuso za watu sawa vile ingelia mbele ya nyoka. Damu inakimbia, uso unapata moto, mdomo unakauka. Sasa mtu anaanza kujichunguza: "Ninatetemeka? Wameona?" Kwa kujichunguza, anasahau mazungumzo. Anajibu ovyo. Anaona haya zaidi. Mwisho anakimbia, na wakati anakimbia, woga unashuka mara moja. Hapa njo mtego uko: ubongo unajifunza kwamba kukimbia kuliokoa. Kesho utaomba tena kukimbia. Mu lugha yetu ya shamba: kila kukimbia ni sawa kumwagilia magugu.

Jina la Kijapani linasema nini

Wajapani wanaita ugonjwa huu *taijin kyofusho*. *Taijin* ni kuwa uso kwa uso na watu. *Kyofu* ni woga mkubwa. *Sho* ni ugonjwa. Ni kusema: ugonjwa wa kuogopa kuwa mbele ya watu. Mpaka hapo hakuna tofauti kubwa. Tofauti iko mu mambo yenye mtu anaogopa. Waganga wanatenga namna nne kubwa:

1. *Sekimen kyofu*: kuogopa uso kuwa mwekundu mbele ya watu. Hii njo inajulikana tangu zamani.

2. *Jiko shisen kyofu*: kuogopa macho yako mwenyewe. Mtu anaamini kwamba kuangalia kwake ni kukali, ni kubaya, kunakosesha wengine amani.

3. *Jiko shu kyofu*: kuogopa harufu ya mwili wako, jasho, mdomo ao hewa ya tumbo, hata kama hakuna mtu mwingine mwenye anaisikia.

4. *Shubo kyofu*: kuamini kwamba uso wako ao umbo lako ni baya mpaka linachukiza wenye kuliona.

Angalia vizuri. Mtu wa kawaida mwenye woga wa watu anasema: "Watanicheka, nitapata haya." Kati ya hawa, mingi wanasema: "Nitawachukiza, nitawakosea." Wa kwanza anajihurumia yeye, wa pili anahurumia wengine mpaka anajifungia nyumba. Hata hivyo tusikate na kisu: mara mingi woga yote mbili inakaa ndani ya mtu moja.

Waganga wa kule wanatenga pia makundi mawili kufuatana na uzito. Kundi la kwanza wanaliita la wasiwasi, *kincho-gata*: mtu anaogopa, lakini ukikaa naye kwa utulivu anakubali kwamba anazidisha. Kundi la pili ni la uhakika, *kakushin-gata*: mtu hawazi kwamba ananuka, anajua kwamba ananuka. Ukimwambia hapana, anafikiri unamuhurumia tu. Anaoga mara tatu kwa siku, anabadilisha sabuni, anaenda kwa munganga wa meno, kisha kwa munganga wa ngozi, kisha kwa munganga wa tumbo. Wote wanasema hakuna kitu. Lakini ku kazi mtu akifungua dirisha, ushahidi. Mtu akigusa pua, ushahidi. Mtu mwenye anatafuta ushahidi wa namna hiyo hawezi kuukosa, juu watu wanagusa pua siku nzima.

Anaogopa nani zaidi?

Jambo hili lilinifundisha mingi. Mtu angewaza kwamba mgonjwa anaogopa zaidi watu asiowajua. Hapana. Mara mingi, mu nyumba yake, na mama yake na ndugu zake, iko sawa. Mu kundi kubwa la watu wageni, fasi hakuna mwenye anamjua, anapata nafuu kidogo. Wenye wanamtesa ni watu wa katikati: jirani, mwanafunzi mwenzake, mwenzake wa kazi, mama wa duka lenye anaingia kila siku.

Kwa nini? Wajapani wanatenga *uchi*, ndani, na *soto*, inje. Ndani, watu watakusamehe. Inje kabisa, hutaonana nao tena. Lakini watu wa katikati watakukumbuka, na wangali hawajakupenda vya kutosha ili wakusamehe. Nao njo unapaswa kupima kila neno. Hata lugha yenyewe inaomba hesabu: Kijapani kina ngazi za heshima, *keigo*, na kitenzi kinabadilika kufuatana na umri, cheo na ukaribu wa mtu mwenye unaongea naye. Ukikosea ngazi, umemkosea mtu.

Njo maana kuna wagonjwa wenye wanaweza kusimama na kutoa ripoti mbele ya wakubwa, juu maneno yamepangwa, lakini wakati ripoti imeisha na watu wanakunywa chai na kuongea mambo ya bure, wanatafuta mlango. Woga wa mazungumzo ya bure nao una jina: *zatsudan kyofu*.

Kwa nini Japani?

Hapa lazima tuende na uangalifu, juu ni rahisi kusema "Wajapani wako vile" na kufunga kitabu.

Ni kweli kwamba mtoto wa Japani anakua na mafundisho fulani. Analofundishwa mapema ni kutosumbua wengine, neno lenyewe ni *meiwaku*, usumbufu wenye unapatia mtu mwingine. Anafundishwa kusoma hali ya watu bila wao kusema, wanaita "kusoma hewa". Na juu ya yote kuna *seken*, ni kusema macho ya watu wote wenye wanakuzunguka, wenye kujua wewe ni mtoto wa nani na ulifanya nini. Mambo hayo yana matunda mazuri: treni yenye watu mingi na hakuna kelele, barabara bila takataka, foleni bila kusukumana. Lakini mbolea ileile yenye inakuza mahindi, ukizidisha, inaunguza mizizi. Kwa mtu mwenye kuzaliwa na roho ya wasiwasi, "usisumbue wengine" inaweza kugeuka "wewe mwenyewe ni usumbufu".

Wataalamu walibishana sana juu ya hii. Mama Ruth Benedict wa Marekani aliandika mu mwaka 1946 kitabu chenye kiliita Japani utamaduni wa haya, na alikiandika bila kukanyaga Japani, juu ilikuwa wakati wa vita. Munganga wa Japani Takeo Doi, mu mwaka 1971, alieleza mambo kwa kupitia neno *amae*, ile tabia ya mtoto kuegemea upendo wa mama yake akijua atapokelewa. Kwake, mtu mwenye aliachana na uegemezi ule na hajapata mwingine inje ya nyumba anabaki bila mgongo mbele ya watu. Vitabu vyote viwili vilisomwa sana na vilipingwa sana, juu taifa nzima haliingii mu neno moja.

Hesabu nazo zinatushangaza. Mu uchunguzi wenye ulitumia maswali ya kimataifa mwanzoni mwa miaka ya 2000, Wajapani wenye walikutwa na ugonjwa wa kuogopa watu mu muda wa mwaka moja walikuwa chini ya 1 kwa 100. Marekani ni karibu 7 kwa 100. Namna gani nchi yenye kujulikana kwa haya iwe na wagonjwa wachache? Wataalamu walitoa majibu kadhaa. Moja ni kwamba maswali yale yaliuliza zaidi "Unaogopa kupata haya?", hayakuuliza "Unaogopa kuchukiza wengine?" Nyingine ni kwamba fasi unyamavu ni adabu, mtu mwenye kunyamaza haonekani kama mgonjwa. Sisi watu wa kilimo tunajua: ukipima udongo na kipimo chenye hakisomi zinki, usiseme shamba halina shida ya zinki.

Si ya Japani peke yake

Kwa muda mrefu waganga wa Ulaya na Marekani waliamini kwamba ugonjwa huu unaota Japani tu. Mu mwaka 1994, kitabu cha DSM kiliuweka mwishoni, mu orodha ya magonjwa yenye kufungwa na utamaduni moja. Lakini Korea walishaujua, wanauita *taein kongpo*. Kisha watafiti waliuliza wagonjwa wa Marekani na Australia swali jipya, ile ya kuchukiza wengine, na wakapata wenye kujibu ndiyo. Walikuwako siku zote, hakuna mwenye alikuwa amewauliza.

Mu mwaka 2013, DSM mpya iliongeza ndani ya maelezo ya ugonjwa wa kuogopa watu woga wa kukosea wengine. Nayo orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ile ya 11, yenye ilianza kutumika mwaka 2022, ina ugonjwa wa mtu mwenye kuamini kwamba ananuka. Ni kusema Wajapani waliona mapema kitu cha binadamu wote, juu kwao kilikuwa kimekomaa zaidi na kilikuwa na jina.

Morita na fagio lake

Sasa turudi kwa mzee wangu. Morita Masatake, wenye wengine wanaita Shoma, alizaliwa mwaka 1874 mu jimbo la Kochi, ku kisiwa cha Shikoku, na alikufa mwaka 1938. Alifundisha ku iniversite ya uganga ya Jikei, Tokyo. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa wasiwasi tangu utoto. Wakati alikuwa mwanafunzi, moyo ulikuwa unamsumbua, waganga walimpatia dawa, hakuweza kusoma vizuri. Siku moja pesa za masomo toka nyumbani hazikufika. Alikasirika, akajisemea: kama ni kufa, basi nife nikisoma. Akatupa dawa, akashika vitabu usiku na mchana. Mitihani ilienda vizuri, na alipotazama nyuma, dalili zilikuwa zimepunguka. (Tafazali, mtu asitupe dawa zake juu ya hii hadisi. Ile ilikuwa yake.)

Toka hapo alianza kuwaza. Kwake, woga wenyewe si adui. Adui ni mzunguko: nikisikia moyo unapiga, ninauangalia, nikiuangalia, unapiga zaidi, ukipiga zaidi, ninauangalia zaidi. Na tena: woga ni upande wa nyuma wa tamaa nzuri. Mwenye anaogopa kukataliwa na watu ni yule mwenye anataka sana kuishi vizuri na watu. Ukiua woga, utaua na ile tamaa. Afazali uache woga ukae, na uende kufanya kazi yenye unapaswa kufanya. Neno lake ni *arugamama*: vile iko, acha iwe vile iko.

Karibu na mwaka 1919 alianza kupokea wagonjwa mu nyumba yake mwenyewe. Kazi ilikuwa na hatua nne.

Ya kwanza: karibu juma moja ya kulala peke yako. Bila buku, bila maongezi, bila wageni. Woga unapanda, hakuna fasi ya kukimbilia, na mgonjwa anaona kwa macho yake kwamba ukipanda mpaka juu, unashuka wenyewe. Mwisho wa juma, mwili unachoka na kulala, unaanza kutamani kufanya kitu.

Ya pili: kazi ndogo. Kutoka inje, kuangalia bustani, kufagia majani. Usiku anaandika daftari ya siku yake, na munganga anaisoma na kuandika maneno pembeni.

Ya tatu: kazi nzito. Kupasua kuni, kuchimba, kupanda, kupika, kufua. Ukianza kulalamika juu ya woga wako, munganga hakusikilizi sana. Wanaita hiyo *fumon*, kutouliza. Lakini ukisema tawi la mti limevunjika, anakuja kuliangalia pamoja nawe.

Ya ine: kurudi mu maisha. Kwenda sokoni kununua vitu, kupanda treni, kisha masomo ao kazi, pamoja na woga ndani ya mfuko.

Nilipofika hapo nikacheka peke yangu, juu mwenye alishalima anaelewa bila kufundishwa. Mche wa nyanya hauangalii kama uso wako ni mwekundu. Unaomba maji, na unaomba leo. Saa unatafuta funza chini ya majani, macho yako yanatoka kwako yanaenda kwa kitu kingine. Lakini nisidanganye watu wa kazi yangu: Morita hakusema mboga ni dawa. Alitafuta kazi yenye ina haja yake yenyewe, na bustani ilikuwa karibu. Kufagia na kupika vilikuwa na nguvu ileile.

Leo wanatibu namna gani?

Ospitali zenye kulaza wagonjwa kwa njia kamili ya Morita zilipunguka sana kule Japani. Ni muda mrefu, ni bei, na si kila mtu anaweza kukubali juma la kitanda. Lakini mawazo yake yanaendelea ku mashauri ya kawaida, fasi mgonjwa anakuja mara kwa mara na daftari yake.

Njia yenye kutumika sana ulimwenguni ni mashauri ya kubadilisha mawazo na mwenendo. Mtu anaenda polepole mbele ya jambo lenye anaogopa, kwa ngazi, toka ndogo mpaka kubwa, na anakaa pale mpaka woga unashuka. Anaacha pia vile visaidizi vya kujificha: miwani myeusi, kofia mpaka ku macho, kuangalia simu yenye haina kitu. Kuna dawa pia, za kundi lenye linatumiwa kwa huzuni nzito. Ya kwanza yenye Japani iliruhusu kwa ugonjwa huu ilikuwa fluvoksamini, mu mwaka 2005. Dawa zinatolewa na munganga, na hazifanyi kazi kwa siku moja. Wenye uhakika kabisa kwamba wananuka ao wanaumiza kwa macho ni wagumu zaidi kusaidia, juu kwao shida si woga, shida ni harufu, na wanatafuta munganga wa harufu.

Mtajua pia kwamba Wajapani wanavaa maski tangu zamani, kwa mafua na kwa vumbi la maua. Lakini mbele ya Korona walikuwako vijana wenye walivaa maski bila ugonjwa wowote, ili uso usionekane tu. Wakati wa Korona, vijana walizua neno la kuchekesha, *kao pantsu*, ni kusema chupi ya uso: kuitoa mbele ya watu ni sawa kuvuliwa nguo. Kwa mingi ni mzaha. Kwa mwenye ugonjwa si mzaha: kila siku ya maski ni siku moja ya kukimbia.

Tusichanganye na hikikomori

Wenye wanafuata sinema za katuni za Japani wanajua neno *hikikomori*: mtu mwenye kujifungia nyumba, miezi 6 ao zaidi, bila masomo, bila kazi, bila rafiki. Munganga Saito Tamaki njo alilisambaza kwa kitabu chake cha 1998. Hii si jina la ugonjwa, ni jina la hali. Mlango wa kuingia mu chumba kile ni mingi: kufukuzwa kazi, kuteswa ku masomo, huzuni nzito, na pia kuogopa watu.

Serikali ya Japani ilihesabu mara kadhaa. Ripoti ya 2016 ilisema karibu watu 541.000 kati ya miaka 15 na 39. Ile ya 2019 ilitazama wenye miaka 40 mpaka 64, ikapata karibu 613.000. Ile ya 2023 ilikadiria karibu 1.460.000 kwa umri wote wa 15 mpaka 64. Leo wanaongea juu ya shida ya "8050": mzazi wa miaka 80 mwenye angali anapikia mtoto wa miaka 50 mwenye hatoki mu chumba. Na mzazi hasemi kwa mtu, juu naye anaogopa *seken*. Mtoto anaficha uso wake, mzazi anamficha mtoto. Siku mzazi anakufa, hakuna mwenye anajua kwamba ndani ya nyumba kuna mtu mwingine.

Njo maana nasema jambo hili lina uzito. Hakuna damu, hakuna homa, hakuna mtu mwenye kupiga kelele. Mtu anapunguka tu, kila mwaka kidogo, kwa adabu.

Tubaki na nini?

Kwanza, tuache kusema "usiogope". Neno hilo linamwambia mtu apigane na woga, na kupigana nao njo kunaulisha. Morita angesema: ogopa, na uje vile vile.

Pili, tuulize vizuri. "Unaogopa watakucheka?" ni nusu ya swali. Nusu ingine ni: "Unaogopa kuwakosea?" Watu wa Marekani na Australia walingoja miaka mingi mbele ya kuulizwa hiyo.

Tatu, kwa mwenye kuamini kwamba ananuka ao macho yake yanaumiza, kubishana naye siku nzima hakusaidii, na kumkubalia hakusaidii pia. Mpatie kitu cha kufanya pamoja nawe, kitu chenye kinaomba mikono miwili, na umsindikize kwa munganga mwenye anajua mambo ya akili.

Ine, na hii najiambia mimi mwenyewe: yule mwenye hapokei simu, mwenye anaketi nyuma kabisa, mwenye anaondoka mbele chakula kigawanywe, tusimuite haraka mwenye kiburi. Labda ana kiburi. Labda pia anatuhurumia sana, zaidi ya vile tunastahili, na hakuna mtu mwenye alishamwambia kwamba uso wake hautusumbui.

 Mara ingine nitarudi ku muhogo.